Nani Aanze? Mwongozo Kamili kwa Waanzishaji na Waitikiaji wa Nairobi

"Umepotea sana!"
"Ni wewe umepotea."
"Basi tutafutane."
"Sawa, tutafutane."

Maneno haya utayasikia pale Archives katikati ya jiji, nje ya kanisa Jumapili, na kwenye foleni ya matatu za Rongai. Wawili wanapeana mikono, wanacheka, wanaachana, na miezi sita baadaye wanakutana tena na kuyarudia yale yale. Hakuna aliyedanganya. Wote wawili walitaka kuonana, ila kila mmoja aliondoka akiamini kwamba mwenzake ndiye atakayetafuta.

Kuna watu ambao hawawezi kuvumilia kungoja. Ndio wanaopiga simu, wanaofungua kundi la WhatsApp la harusi ya mtu mwingine, wanaouliza swali la kwanza mkutanoni. Hao tuwaite waanzishaji. Wengine huamka wanapoguswa. Ukimpigia anafurahi kwa dhati, ukimwalika anafika kabla yako, ukimuuliza jambo anakupa jibu alilolifikiria. Usipoanza wewe, mwaka unaweza kwisha hujamsikia. Hao ni waitikiaji. Mwanzishaji humwona mwitikiaji kama mtu wa maringo, na mwitikiaji humwona mwanzishaji kama mtu wa fujo. Methali nazo zinawachochea wote: huyu anaambiwa debe tupu haliachi kuvuma, yule anaambiwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wazo lenyewe lina historia. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alieleza mwaka 1921 tofauti kati ya watu ambao nguvu zao huelekea nje na wale ambao nguvu zao huelekea ndani, na tangu hapo dunia imezoea kuwagawa watu kuwa wachangamfu na wapole. Baadaye, huko Marekani, David Keirsey na Linda Berens waliligeuza swali. Waliacha kuuliza mtu anapata wapi nguvu zake, wakatazama anachofanya anapokutana na mwenzake: anaanza au anaitikia? Kwa matumizi ya kila siku swali hili linafaa zaidi, kwa kuwa kuanza na kuitikia ni vitendo. Vinaonekana, na mtu anaweza kuvifanyia mazoezi. Lakini tahadhari: watafiti wanaopima haiba huuona uchangamfu kama mstari mmoja mrefu, na wengi wetu tumesimama mahali fulani katikati yake. Kwa hiyo usimwambie mkeo "mimi ni mwitikiaji, ndivyo nilivyoumbwa" ukadhani kesi imekwisha.

Hatua ya 1: Jikague kwa simu yako

Ukijiuliza tu utajipendelea. Fungua WhatsApp. Ruka mazungumzo ya kazi, ya mwenye nyumba na ya anayekudai, ubaki na watu unaowajali. Kwa kila mmoja, panda juu hadi pale mazungumzo ya mwisho yalipoanzia, uangalie mambo matatu. Nani aliandika kwanza? Nani alitaja siku au mahali? Nani aliuliza swali la mwisho, na je, lilijibiwa?

Ukimaliza watu kumi hivi, sura yako itajitokeza. Usishangae ikiwa haifanani kote. Wengi huanza kwa ndugu na kungoja kwa marafiki, au huanza kazini na kunyamaza mtaani. Kondakta anayeita abiria kutwa nzima pale Kencom anaweza kufika nyumbani asiseme mpaka asemeshwe. MC anayechekesha ukumbi mzima Jumamosi anaweza kupitisha wiki bila kumpigia mtu yeyote ambaye hajamlipa. Halafu kuna shangazi asiyepaza sauti kamwe, ambaye ukichunguza utakuta ndiye aliyeanzisha chama, ndiye aliyetafuta kiwanja, na ndiye anayejua nani amelazwa hospitali gani. Kelele na uanzishaji ni vitu viwili tofauti, na ukivichanganya utajipanga upande usio wako.

Angalia pia nafasi yako kwa huyo mtu. Mbele ya mzee, kijana ndiye husalimu kwanza, lakini mzee ndiye hufungua mazungumzo yenyewe. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji huitikia karibu. Kati ya mwenye kazi na asiye na kazi, huyu wa pili huogopa kuanza asije akaonekana anaomba. Kuna ukimya mwingi Nairobi ambao watu huuita tabia, kumbe ni mfuko. Waliotumia simu enzi za kuflashi, yaani kupiga na kukata ili upigiwe, wanakumbuka: ulianzisha wewe, akalipia mwenzako.

Hatua ya 2: Chunguza kama unaita au unatangaza

Keirsey na Berens wana kipimo kingine ambacho kwa maoni yangu kinafafanua ugomvi mwingi zaidi kuliko kile cha kwanza. Kuna wanaosema kwa kuelekeza: "Njoo kwangu kesho saa kumi." Na kuna wanaosema kwa kuarifu: "Kesho nitakuwa nyumbani mchana wote." Wote wawili wanaweza kuwa wanakualika kwa moyo mmoja. Wa pili anakuachia nafasi ya kukataa bila kuaibika, naye anajiachia nafasi ya kutokataliwa.

Sasa mweke mtu wa kuarifu mbele ya mwitikiaji anayengoja kuitwa. Anaandika, "Jumamosi niko tao." Anapata jibu, "Sawa, poa." Jumamosi anashinda mjini peke yake, amekasirika, na mwenzake yuko Kayole anafua nguo bila habari kwamba ametenda kosa. Mama akipiga simu kutoka mashambani kusema kwamba maparachichi yameanza kuanguka yenyewe, hakuletei taarifa ya kilimo. Anataka uje. Jirani akisema mlangoni "leo nimepika pilau nyingi," mtu wa Pwani ameshaelewa, lakini mtoto aliyekulia ghorofani huenda akajibu "hongera" na kufunga mlango.

Dawa ni fupi. Ukiwa mtu wa kuarifu, malizia sentensi: "Jumamosi niko tao, nitafurahi tukionana." Ukiwa unayepokea na huna hakika, uliza kwa utani, "Unaniambia ama unaniita?" Swali hilo limewahi kuokoa urafiki zaidi ya mmoja.

Hatua ya 3: Waanzishaji, tengenezeni mwaliko unaoweza kujibiwa

Tuanze na ule mwaliko maarufu wa Ijumaa jioni: "Form ni gani?" yaani, mpango ni upi? Aliyeuliza anahisi ameanzisha jambo. Kwa kweli amemrushia mwenzake kazi yote: kuchagua mahali, saa, watu na gharama. Ukitumwa kwenye kundi la watu kumi na wawili, jibu litakuwa "wewe ndio kusema," kisha vikaragosi vitatu vya kucheka, kisha kila mtu alale kwake.

Linganisha na huu: "Jumamosi saa nane mchana tukutane nje ya Archives, tushuke Burma tule nyama. Kila mtu ajilipie. Nisiposikia kutoka kwako kufikia Ijumaa jioni nitajua umebanwa, na hakuna kesi."

Ujumbe huo una siku, saa, mahali, pesa na mlango wa kutokea. Siku na saa hazihitaji maelezo, ila andika "saa nane mchana" kwa ukamilifu, kwa sababu kuna watu wa mjini ambao vichwa vyao husoma saa za Kiingereza. Kuhusu mahali, taja penye alama ambayo hata mgeni wa jiji ataiona. Hoteli ya Hilton ilifunga milango mwisho wa 2022, na bado watu wanapeana miadi "nje ya Hilton" na wanakutana vizuri kabisa. Usimpe mtu wa Githurai miadi ya saa kumi na mbili jioni upande wa Ngong Road siku ya kazi halafu umlaumu kwa kuchelewa. Mvua ikinyesha nauli hupanda na barabara hukwama; mwambie mapema kwamba ikinyesha mtaahirisha.

Pesa ndiyo inayohitaji kusemwa zaidi, na ndiyo isiyosemwa. Desturi ya hapa ni kwamba aliyealika ndiye hulipa. Desturi nzuri, lakini tazama inavyofanya kazi. Mwitikiaji mwenye mfuko mwembamba haanzishi kwa sababu kuanzisha ni kujitwika bili. Akialikwa nako anasita, kwa kuwa akikubali mara tatu bila kualika anajiona mnyonyaji. Matokeo yake anakaa kimya, nawe unasema ana maringo. Ukisema tangu mwanzo "mimi nalipa leo" au "kila mtu ajilipie," umemwondolea hesabu nzima aliyokuwa akiifanya kitandani. Katikati ya mwezi, na hasa Njaanuari, alika kwenye kitu kisichohitaji pesa. Benchi za Jeevanjee ni bure. Chai ya kwako ni rahisi kuliko ya mkahawa wowote. Kumsindikiza mtu sokoni Gikomba asubuhi ya Jumamosi ni matembezi kamili, na mazungumzo hutiririka vizuri mkiwa mnachambua mitumba, kwa kuwa hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake machoni.

Mlango wa kutokea nao usiudharau. Mtu anayeona jinsi ya kukataa kwa heshima hukubali kwa urahisi zaidi. Tuma mwaliko mara moja, kumbusha mara moja, basi. Ukipiga simu ya tatu umeshageuka mdai.

Na kuna mgomo ambao waanzishaji hupenda kuufanya wakichoka: "Wacha ninyamaze nione kama watanitafuta." Wiki zinapita, simu iko kimya, unahitimisha kwamba hupendwi. Huo ni mtihani ambao mtahiniwa hajaambiwa anaufanya. Mwitikiaji anapoona umenyamaza hudhani umebanwa na kazi, na kwa adabu yake anakuachia nafasi upumue. Ukichoka kuanzisha, useme. Namna ya kusema iko katika hatua ya 7.

Hatua ya 4: Waitikiaji, jibuni kwa uzito

Sikubaliani na wanaowaambia waitikiaji "badilikeni, muwe mnaanza." Mtu anayejua kuitikia vizuri ni hazina, bila yeye mwanzishaji anaongea na ukuta. Deni la kwanza la mwitikiaji ni kuitikia kweli, na hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Kuna majibu matatu yanayomtosheleza aliyealika. La kwanza ni ndiyo. La pili ni hapana yenye siku nyingine: "Jumamosi hii siwezi, nina matanga Machakos. Jumamosi ijayo je?" La tatu ni bado, yenye tarehe: "Nangojea ratiba ya zamu, nitakujibu Alhamisi usiku." Majibu mengine yote, kama "wacha nione," "tutaona," "nitakushow," au alama mbili za buluu zisizo na neno, humwacha mwenzako ameshika simu bila kujua anunue nyama kilo ngapi. Ukiona ujumbe na huna nafasi ya kujibu, andika "nimeona, nitajibu jioni." Ni maneno matatu, na yanabadilisha kabisa namna unavyosomeka.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana, silaha yako ni swali la kufuatilia. Karen Huang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha mwaka 2017 kwamba watu wanaouliza maswali zaidi hupendwa zaidi na wanaozungumza nao, hasa maswali yanayofuata kile ambacho mtu ametoka kukisema. Hii ni habari njema kwa mwitikiaji, kwa sababu haimtaki alete mada mpya. Inamtaka asikilize, jambo ambalo tayari analiweza. Tazama:

"Nimehama Pipeline."
"Aah, poa."

Hapo mazungumzo yamekufa, na si kwa sababu hujali. Ungesema:

"Nimehama Pipeline."
"Kumbe! Umeenda wapi?"
"Umoja, karibu na Mutindwa."
"Na maji huko yakoje?"

Kwa mtu wa Nairobi, swali la maji linafungua nusu saa. Atakueleza siku za mfereji, mikokoteni ya mitungi, keateka wa ploti anayefungia tangi, na jirani anayefua saa kumi usiku. Wewe hujaanzisha chochote. Umefuata tu.

Kazi nyingine rahisi iko baada ya kuachana. Mkiagana usiku mtu atasema "ukifika uniambie." Wengi huandika "nimefika" na kuzima taa. Ongeza sentensi moja kuhusu kitu mahususi: "Nimefika. Ile hadithi ya landilodi wako na mbwa imenichekesha hadi Kasarani, konda akadhani namcheka yeye." Mwanzishaji hujiuliza kimyakimya kama amewachosha watu. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walieleza kwamba baada ya watu wasiofahamiana kuzungumza, kila mmoja hukadiria kwamba amependwa kidogo kuliko alivyopendwa kweli. Yule mchangamfu unayemdhania hana wasiwasi anao pia. Sentensi yako moja humwondolea.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi ya kuanza kwa kiasi kidogo

Ukiwa mwitikiaji na unataka kuanza mara mojamoja, usianzie kwenye kuandaa karamu. Jiji hili limekupa vianzio vilivyo tayari, ambavyo havimshtui mtu. "Stima imepotea kwako pia?" ni mlango ambao umefunguka kwenye kila ghorofa kuanzia Zimmerman hadi Donholm. "Maji yamerudi?" nayo vilevile. Kwenye matatu, "Hii inapitia ndani ama inaenda moja kwa moja?" Kwa mama mboga, uliza sukuma ya leo imetoka wapi. Ukijibiwa kwa neno moja, hujapoteza kitu. Ulikuwa na sababu ya kuuliza. Ukijibiwa kwa sentensi mbili, ijibu ile ya pili.

Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha mwaka 2014 majaribio waliyofanya na abiria wa treni na mabasi mjini Chicago. Walioambiwa wazungumze na mgeni walifurahia safari kuliko waliokaa kimya, ilhali abiria wengine walipoulizwa wakisie walitabiri kinyume chake. Chicago si Nairobi, najua. Hapa mgeni anayekuchangamkia ghafla pale Tom Mboya Street anaweza kuwa mkora, na dada anayekataa kujibu mwanamume asiyemjua hana deni la maelezo kwa mtu yeyote. Kwa hiyo anzia penye watu watakaokuwepo tena kesho: jirani wa korido moja, soja wa geti, mwenzako wa kwaya, wazazi mnaongoja watoto wa shule pamoja. Mgeni wa mara moja mwachie hadi uzoee.

Kwa marafiki wa zamani uliowapoteza, kizuizi ni aibu: "Nitaanzaje baada ya miaka miwili?" Utafiti ulioongozwa na Peggy Liu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na kuchapishwa 2022 uligundua kwamba tunadharau sana furaha ya mtu tunayemtafuta bila sababu maalumu, na kwamba kadiri anavyoshtuka ndivyo anavyothamini zaidi. Kwa hiyo ule muda mrefu unaouogopa unakufanyia kazi. Usianze kwa kuomba radhi aya nzima. Anza na kitu kilichokukumbusha: "Nimepita Buruburu leo nikaona ile kiosk yetu ya chapati bado ipo. Uko salama?" Wengine hukuta njia rahisi zaidi ni kujibu stetasi ya mtu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza bila kujua.

Onyo dogo: salamu ya ghafla ikifuatwa na ombi la mchango ndani ya dakika tano inaharibu kila kitu. Kama una kamati ya harusi, taja harusi kwanza.

Hatua ya 6: Acheni nafasi ya jibu

Hii ni ya waanzishaji, hasa wakubwa wa kazi na wenyeviti. Tanya Stivers na wenzake walilinganisha mazungumzo katika lugha kumi mwaka 2009 wakakuta kwamba muda kati ya swali na jibu kwa kawaida ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Kiswahili hakikuwemo, ila lugha zilitoka mabara mbalimbali, Afrika ikiwemo, na tofauti zao zilikuwa ndogo. Sasa fikiria mtu anayependa kupanga jibu kabla ya kulitoa. Akichukua sekunde mbili, kwake hizo ni kufikiri. Kwa mwanzishaji ni ukimya mzito unaohitaji kujazwa, naye anaujaza. Mwitikiaji anafunga mdomo. Mkutano ukiisha, mwenyekiti anasema, "Hawa watu hawachangii."

Tuma ajenda siku moja kabla. Ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi tano, na uhesabu polepole. Zungusha zamu ukianzia kwa asiyesema, lakini mwambie mapema, kwa kuwa kumvizia mtu hakumfanyi aseme. Na ukubali jibu la baadaye kwa maandishi kama mchango halali. Nyumbani kanuni ni hiyo hiyo: ukimuuliza mwanao wa kidato cha pili "shule ikoje?" na akasema "sawa," usiongeze maswali matano. Endelea kukata vitunguu. Atazungumza.

Hatua ya 7: Semeni hesabu kabla haijawa chuki

Ikiwa wewe ndiye unayeanza kila mara na umechoka, chagua wakati ambapo mko vizuri, wala si siku ya hasira, na wala si kwenye kundi mbele ya watu. Acha neno "kamwe" nyumbani. Eleza unachokihesabu na unachokitaka: "Ndugu yangu, napenda tukionana. Nimeona mara nyingi mimi ndiye napanga, na kuna siku najiuliza kama nakusumbua. Mwezi huu ungenipangia wewe ningefurahi." Ombi ni moja na dogo, na halina hukumu.

Upande wa pili usijitetee kwa orodha ya shughuli. Jibu linalotosha ni: "Hunisumbui. Huwa nangoja kwa sababu sitaki kukubana. Wikendi ya pili napanga mimi." Halafu upange kweli, hata kama ni chai na mandazi.

Kwa wanandoa jambo hili huwa kali zaidi. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, alitumia miaka mingi kutazama jinsi mume na mke wanavyojibu miito midogo ya kila siku: "Hebu ona hii," "leo mgongo unauma," "umesikia walivyosema redioni?" Anaona kwamba ndoa hujengwa au hubomoka pale, katika kumgeukia mwenzako au kuendelea kutazama simu. Mwitikiaji anayejitetea kwamba yeye si mtu wa kuanza basi angalau ainue kichwa.

Jinsi ya kumtofautisha mwitikiaji na mtu asiyekutaka: mwitikiaji akialikwa vizuri huja. Akishindwa hutaja siku nyingine. Akiwa nawe huuliza habari zako na hukumbuka ulichosema. Asiyekutaka hukubali kwa maneno na haji, hatoi siku, na hukumbuka namba yako anapokuwa na shida. Umeshatengeneza mwaliko mzuri, ukakumbusha, ukasema wazi, na bado hakuna kitu? Acha. Mtumie salamu ya Krismasi au ya Idi kama ungemtumia jamaa yeyote, na muda wako upeleke kwingine.

Hatua ya 8: Ondoeni swali la nani aanze

Wanaodumu katika urafiki hapa mjini mara nyingi si wale wanaojua kutafutana. Ni wale ambao hawahitaji kutafutana. Chama kina tarehe. Kwaya ina mazoezi. Jumuiya ina zamu ya nyumba. Timu ya mpira ya Jumapili ina uwanja na saa, na anayekosa huulizwa. Mwitikiaji hung'aa katika mipango hiyo, kwa kuwa mwaliko umeshatolewa milele. Yeye anafika tu, akiwa na mkate mkononi.

Basi igeni mpango huo hata mkiwa wawili. Chagueni siku isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ambapo mshahara ungali mfukoni. Mwenye zamu ana kazi tatu tu: kutaja mahali, kutaja saa, kutangaza nani analipa. Mwanzishaji ajizuie kuingilia zamu isiyo yake, hata kama mahali palipochaguliwa pamemchosha. Mkiwa watatu au zaidi, zamu ifuate majina yalivyo kwenye kundi, na asiyeweza mwezi wake abadilishane na anayemfuata kabla ya tarehe 25, maana baada ya hapo watu wameshaugawa mshahara ambao haujaingia.